Tunaenda Aberdare na mvua hii hii, kumsaka bongo

Nikisema tunaenda kuwinda watu wanashtuka, na wana haki, manake Kenya uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977, kwa hivyo silaha zetu ni kamera na darubini tu. Lakini mipango ni ile ile ya mwindaji, mnyama hajali umebeba nini, akishakunusa ameenda.

Tunayemtaka ni bongo wa milimani, yule swala mkubwa mwenye rangi ya kahawia nyekundu, mistari myeupe ubavuni, na pembe za kujipinda hadi kwa majike. Porini amebaki Kenya pekee, Aberdare, Mlima Kenya, Mau na Eburu, na inakadiriwa wote kwa jumla hawafiki 100. Hiyo inaniuma sana, manake nusu ya watu ninaokaa nao Nairobi hawajawahi kumsikia, na maji ya bwawa la Ndakaini tunayokunywa yanatoka milima hiyo hiyo.

Wengi wanasema tungoje Januari kukauke. Mi naona vuli ndio wakati wake, matope yanashika nyayo na unajua nani amepita leo na nani alipita juzi. Shida ni barabara. Kule juu kwenye nyika, karibu mita 3,000 na zaidi, zingine hufungwa mvua ikizidi, kwa hivyo kambi yetu itakuwa upande wa Salient, ile sehemu ya mashariki ya mbuga ambako ndiko kuna msitu, huko juu tutapanda tu askari wa KWS, shirika la wanyamapori, wakituambia kunapitika. Mjomba wangu anakaa Mweiga, kila jioni ananipigia kunieleza wingu limekaa wapi, na huyo namwamini kuliko utabiri wa simu.

Gari lazima iwe 4x4, matairi yenye meno, koleo, kamba ya kuvutia, na mbao mbili za kuweka chini ya tairi ikianza kuzunguka bure. Kushuka kwa gari ovyo hapana, nyati na ndovu wamejaa humo na kwenye mianzi huoni hata hatua tano mbele, ukitaka kutembea unaenda na askari mwenye bunduki. Gambuti, koti la mvua la kweli sio lile la plastiki la mtaani, na sweta nzito, usiku huko baridi inaingia mifupani.

Kamera nayo ina mambo yake. Ukitoka kwa baridi ukaingia chumba chenye moto, lenzi inashika ukungu na unaweza kukosa picha nusu saa nzima, kwa hivyo kabla ya kuingia ifunge kwa mfuko usiopitisha hewa, iache humo mpaka ipate joto la chumba ndio ufungue.

Na tusizunguke sana. Bongo hutoka zaidi usiku na alfajiri, heri kukaa sehemu moja yenye maji na chumvi, upepo ukija usoni, kimya, hakuna marashi, hakuna kupiga stori. Pale The Ark, hoteli iliyo ndani ya mbuga, kuna kengele inayoamsha wageni mnyama akitokea usiku, tutalala huko angalau mara moja.

Ada ya mbuga lipeni kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali, mkiwa bado Nairobi, sio getini mkianza kutafuta netiweki. Nafasi imebaki ya gari moja. Kama yako ina winchi ya kuvutia gari, niandikie kabla ya wikendi.