Namna Ninavyopima Sauti ya Spika Ndogo za Kumiksia

Spika ndogo ya studio inayompendeza msikilizaji katika dakika ya kwanza ndiyo ninayoitilia shaka kuliko zote. Mara nyingi kinachopendeza ni besi iliyotiwa chumvi karibu na hezi 100 (hezi ni mitetemo kwa sekunde), pamoja na sauti za juu zilizopandishwa ili matoazi yang'ae, na vyote viwili humponza anayemiksi, kwa sababu kile anachokisikia kimezidi atakipunguza, na wimbo ukishatoka chumbani mwake utasikika mkavu na umefifia. Spika ya sebuleni ina haki ya kupendeza. Spika ya kumiksia imewekwa pale ili fundi mitambo azisikie kasoro mapema, zingali zinarekebishika.

Jambo la kwanza ni kukubali mipaka ya umbo lenyewe. Spika ya studio ya Yamaha HS5, ambayo koni yake, yaani sehemu inayotetemeka kutoa besi, ni ya inchi 5, hufika hezi 54 kwa takwimu za mtengenezaji, lakini hapo sauti imekwisha kushuka kwa desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Waya mnene zaidi wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, hutoa hezi 41. Tunaposikia noti hiyo kupitia spika ndogo, kwa hakika tunasikia zaidi sauti zinazoandamana nayo, zile za hezi 82 na 124, na ubongo wetu hujaza wenyewe kilichokosekana. Kwa hiyo siulizi spika inashuka hadi wapi, bali nachunguza inavyofanya inapokaribia mwisho wa uwezo wake. Nacheza mfululizo wa noti za besi zinazopanda moja baada ya nyingine, zote zikiwa na nguvu sawa, kisha nasikiliza kama kuna moja inayovimba au inayomezwa. Ikiwapo, nahama kiti kwa nusu mita na kurudia: uvimbe ukibadilika, ni chumba kinachosema, ukibaki vilevile kila nilipokaa, basi spika yenyewe ndiyo yenye tatizo.

Hapa ndipo tundu la spika linapohitaji kusikilizwa kwa makini. Tundu huongeza besi kwa kuifanya hewa iliyomo ndani itetemeke katika masafa (kasi ya mtetemo) yaliyochaguliwa, na chini ya masafa hayo sauti huporomoka kwa takriban desibeli 24 kwa kila oktavu, yaani kila masafa yanapopungua kwa nusu, wakati sanduku lililozibwa hushuka taratibu zaidi, kwa desibeli 12. Gharama ya msaada huo ni muda, kwani hewa inayotetemeka haikomi papo hapo noti inapokoma. Katika wimbo wa polepole mtu anaweza asilitambue jambo hili, lakini kwa anayefanya kazi ya singeli, ambako mapigo hupita 200 kwa dakika na nafasi kati ya pigo na pigo ni chini ya sekunde 0.3, mkia wa pigo moja hulifunika lijalo, na fundi hubaki akikata besi ambayo katika rekodi haina kosa lolote. Ndiyo maana naiheshimu Yamaha NS10, iliyotoka mwaka 1978 kama spika ya nyumbani na kuacha kutengenezwa mwaka 2001. Haikuwa na tundu, besi yake ilikuwa haba, na wengi waliuona ukali wa sauti zake za kati kuwa unachosha. Hata hivyo watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton walipoipima pamoja na spika nyingine za studio, waliikuta miongoni mwa zile ambazo sauti yake ya chini hunyamaza haraka sana. Ufukara wa besi ulikuwa wazi kwa kila aliyeitumia, na kasoro iliyo wazi fundi huweza kuizoea na kuipatia hesabu yake.

Baada ya besi nageukia sauti ya mwanadamu, na kwangu hiki ndicho kipimo kizito kuliko vyote. Spika nyingi ndogo zenye koni na twita, kipaza kidogo cha sauti za juu, hugawana kazi mahali fulani kati ya hezi 2,000 na 3,000, na eneo hilo ndilo linalobeba sehemu kubwa ya uwazi wa maneno. Nacheza rekodi ya mtu ninayemfahamu akisoma habari, bila mwangwi wala madoido yoyote, huku nikiinua na kuinamisha kichwa kidogo. Sauti ikibadilika rangi kwa kusogea sentimita chache, makutano ya koni na twita si mazuri, na kila nitakachoamua juu ya mwimbaji kitategemea nilivyokaa siku hiyo. Kisha nacheza taarabu asilia ya Zanzibar, kwa sauti ya chini, karibu na kiwango cha mazungumzo. Fidla, akodioni na mwimbaji hugombania masafa yaleyale ya kati. Nikiweza kuifuata ganuni, ala ya nyuzi iliyo nyuma yao, bila kukunja uso, spika hiyo naendelea nayo. Masafa ya juu siyachunguzi kwa muda mrefu: herufi s na sh zikichoma masikio katika rekodi ninazozijua kuwa ni safi, hiyo inatosha.

Chumba nacho kina sauti yake katika hukumu. Nyumba zetu nyingi mijini Dar es Salaam zina kuta za tofali za saruji na sakafu ya vigae, nyuso zinazorudisha karibu sauti yote inayozifikia. Spika ikiwekwa mita 1 kutoka ukuta wa nyuma yake, sauti inayorudi hugongana na ile inayotoka na kuifuta kwa kiasi karibu na hezi 86, mahali hasa ambapo noti nyingi za besi hukaa. Kuisogeza karibu na ukuta hulipandisha shimo hilo hadi masafa ambayo ni rahisi kuyadhibiti kwa paneli nene. Trei za mayai, ambazo bado naziona ukutani katika studio za vijana, haziisaidii besi hata kidogo. Feni pia lazima izimwe wakati wa kupima, licha ya joto letu, kwa maana mvumo wake hufunika mikia ya sauti tunayoitafuta.

Ninapolinganisha jozi mbili, nasawazisha kwanza ukubwa wa sauti kwa kipimo. Tangu watafiti Fletcher na Munson walipochapisha kazi yao mwaka 1933 inajulikana kwamba sikio huisikia besi pungufu pale sauti inapokuwa ndogo. Hivyo spika iliyofunguliwa zaidi, hata kwa desibeli 1, huonekana imeshiba zaidi na hupewa ushindi isioustahili. Vilevile namwomba mwenzangu azibadilishe bila kuniambia ipi inacheza. Mwaka 1994 watafiti wa sauti Floyd Toole na Sean Olive walionyesha kwamba wasikilizaji, hata wale wazoefu, hutoa alama tofauti wanapoziona spika na wanapofichwa, na sina sababu ya kudhani masikio yangu yako salama na ushawishi wa macho.

Hatua ya mwisho ni kazi yenyewe. Namiksi wimbo mmoja kwa kila jozi bila kuyarejea maamuzi ya awali, kisha naisikiliza miksi hiyo kwenye simu, kwenye gari na kwenye sabufa ya nyumbani, kwa kuwa huko ndiko wasikilizaji wetu waliko. Jozi inayonilazimu kufanya marekebisho machache zaidi ndiyo ninayobaki nayo, hata kama besi yake ni ndogo. Katika chumba changu chenye upana wa mita 3 sijaongeza sabufa ya studio, kwa sababu kuta hizo tayari huivimbisha hezi 57 kwa nguvu. Kilicho chini ya hapo nakihakiki kwa hedifoni.