Safari hii ni kubwa mno kwako

Jumamosi, jioni

Kila ninapopita barabarani siku hizi nakutana na bango la mkutano wa injili, na karibu yote yanahubiri jambo moja: upenyo. Upenyo wa kazi, wa ndoa, wa viza. Siwacheki wanaokwenda, maana mwenye shida hachagui mlango. Ila sijaona bado mtu akikodi maspika na maturubai ili awatangazie watu kwamba huenda hali ikabaki hivi hivi kwa muda mrefu, na Mungu akawa bado ni Mungu. Saburi haina bango.

Nawaza haya kwa sababu ya mama. Tangu apate kiharusi, upande wake wa kulia haujarudi, na maneno yanamtoka nusu nusu. Mwanzoni nyumba ilikuwa haipumui kwa watu. Tulifunga, tulikesha, wachungaji walipishana mlangoni. Kisha, kama ilivyo kawaida ya binadamu, kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Siku ya tukio lenyewe mtu hubebwa na wingi wa watu. Kazi iko kwenye zile siku zinazofuata, ambazo hazina cha kusimulia: kumgeuza usiku ili asipate vidonda, kumnyoosha vidole kimoja kimoja kama tulivyoelekezwa, kufua mashuka, kuwahi daladala. Jioni ukipiga magoti unasinzia kabla ya amina.

Ukisema kanisani kwamba umekauka kiroho, ushauri unaujua: ongeza mfungo, ongeza mkesha. Nauheshimu mfungo, nimelelewa nao. Lakini kumwambia mtu anayelala kwa vipande vipande akeshe zaidi, hilo kwangu si la kiroho hata kidogo. Ni kumtwika.

Ndiyo maana wiki hii nimekaa sana kwenye 1 Wafalme 19. Tunapenda kuhubiri sura ya 18, Eliya juu ya Karmeli, moto unashuka, manabii wa Baali wameaibika. Kama kuna mtu aliyepata upenyo ni yeye. Geuza ukurasa: mtu yule yule amekimbia vitisho vya Yezebeli, yuko jangwani chini ya mti wa mretemu anaomba afe. Moto wa jana haukumfikisha hata mwisho wa sura iliyofuata.

Na angalia anavyohudumiwa. Hakemewi. Haulizwi imani yake imekwenda wapi. Analala. Malaika anamgusa, anampa mkate na maji, naye anakula na kulala tena, na hakuna anayemlaumu kwa kulala mara ya pili. Ndipo anaguswa tena: "Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako." Mbinguni wanakiri kabisa kwamba safari inamzidi! Kwa nguvu za chakula kile akaenda siku 40 mpaka mlima Horebu, na ni huko tu, akiwa ameshashiba na kupumzika, anapoulizwa anafanya nini pale. Wahubiri wengi wanaanza na swali, chakula baadaye kama kipo.

Eliya anajibu kwamba amesalia peke yake. Hapo ndipo anaposahihishwa. Wapo 7,000 wasiompigia Baali goti, na yuko Elisha anayelima shambani, nenda kamtafute.

Jambo hili bibi yangu, mzaa mama, alilijua bila kusoma sana. Alikuwa mtu wa Uamsho, kule Bukoba. Wasioujua: Uamsho wa Afrika Mashariki ulishika moto Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukasambaa Uganda, Tanganyika, Kenya na Burundi. Watu wakisimulia hupenda kuanzia kwenye toba na machozi. Mimi napenda kuanzia nyuma kidogo, mwaka 1929. Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini, alikuwa ametoka kwenye njaa kali iliyoipiga Rwanda, amechoka na kuvunjika moyo. Akaenda Kampala kupumzika. Huko Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda, naye mwenye kiu kama yake, wakakaa pamoja na Biblia na maombi. Mtu aliyechoka akapata mwenzake. Mengine yote yalikuja baada ya hapo.

Bibi hakuwa na habari za mkutano mkubwa. Yeye alikuwa na ushirika wake wa kila wiki, watu wachache kwenye mkeka. Kila mmoja alisema wazi alivyo: nimegombana na jirani, nimeshindwa kuomba, nina uchungu na mume wangu. Waliita kutembea nuruni. Aliyemaliza kusema aliimbiwa Tukutendereza, wimbo wa sifa wa watu wa Uamsho, kisha wanaendelea na mwingine. Utotoni nilichoka mno na vikao vile, nilikuwa nasubiri kahawa na ndizi tu. Sasa naona kwamba hakuna aliyeachwa akauke kwa siri. Kama wewe huwezi kuomba wiki hii, wenzako wanaomba na wewe umekaa hapo hapo, umeegemea ukuta. Saburi ilikuwa mali ya ushirika, kila mtu anachota.

Asubuhi ya leo jumuiya ilikuwa kwetu. Ilipofika zamu ya kueleza mahitaji ya maombi nilisema, sina maneno, niombeeni mnavyojua. Kiongozi hakuhubiri. Mama mmoja mtu mzima, wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, alibaki wenzake walipoondoka. Akafungua hotipoti yake mezani, ndizi na maharage, akaniambia, "Mwanangu, kula kwanza, kisha kalale. Mimi nitakaa na mgonjwa mpaka saa saba." Nikaanza kujitetea kwamba kuna nguo za kufua. "Nimeziona," akasema, na kunivutia kiti.

Nililala usingizi wa mtoto. Nilipoamka nilimkuta kando ya kitanda anamsomea mama Zaburi kwa sauti, taratibu, na mama anafuatisha mwisho wa kila mstari kwa neno moja analoliweza. Alikuwa amefika Zaburi ya 88, ile inayoishia gizani bila hata kamstari ka faraja. Nilidhani ataruka. Hakuruka, akaisoma yote, akaenda kwenye ya 89.

Jioni hii nimepiga simu kwa kaka mmoja wa kwaya ambaye hajaonekana kanisani tangu afiwe na mke. Nimekuwa nikimtumia mistari kwenye simu, anajibu "Amina dada" na kunyamaza. Safari hii nimemuuliza tu watoto wanakula nini siku hizi. Akacheka kidogo, akasema chipsi. Kesho baada ya ibada ya kwanza napitia sokoni, halafu naenda kwake kupika. Yule mama wa hotipoti amesema twende wote, na kwamba tusimuulize kwa nini haji kanisani.