Usiku wa Sin, Fa, Ra

Basi lilitufia tukishapita Duga, jua linashuka, enzi hizo barabara ya Tanga kwenda Horohoro ingali ya vumbi. Springi ya nyuma ilikatika kwa kishindo. Dereva akashuka, akachungulia uvunguni, akarudi kwenye usukani bila kusema neno. Utingo ndiye aliyetupasulia: springi nyingine iko Tanga, fundi yuko Tanga, na usiku huu haji mtu.

Nilikaa kiti kimoja na mzee aliyekuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, anahamia Mombasa kwa mwanawe. Vitabu vyake vilikuwa kwenye katoni juu ya keria, ila kimoja alikipakata tangu stendi: Al-Munjid, kamusi ya Kiarabu iliyotoka Beirut mwaka 1908, kazi ya padri wa Kijesuiti aitwaye Louis Maalouf. Mashehe wangapi wa pwani wamekesha na kitabu cha padri yule! Mimi Kiarabu changu wakati huo kilikuwa cha kuokota. Kusoma nasoma, kamusi siiwezi. Nikamwomba anioneshe lilipo neno “musafiri.”

“Kwenye herufi mim hulipati, mwanangu. Livue kwanza.”

Akalivua. Ikatoka mim, ikatoka alif, zikabaki herufi za mzizi: sin, fa, ra. Nikashika tochi, yeye akafunua kurasa, na pale chini ya herufi tatu nikaona ukoo mzima. Kusafiri kulikuwemo, lakini kumebanwa na mambo ambayo sikuyatarajia: mwanamke kuondoa shela usoni, upepo kufagia mawingu, alfajiri kupambazuka, balozi, kitabu, hata ufagio, *misfara*.

“Ufagio na balozi wapi na wapi?” nikauliza.

Hapo ndipo alipochangamka. Akanieleza habari za Ibn Faris, mwanalugha aliyefariki mwaka 1004, ambaye aliandika kamusi nzima akitafuta maana mama ya kila mzizi. Mizizi mingine ilimshinda kuikusanya, akaiachia asili mbili tatu. Huu alisema una asili moja tu: kufunuka na kudhihirika. Ufagio unafunua sakafu. Balozi, *safir*, anaingia kati ya watu waliogombana na kuweka wazi yaliyofichika ili wapatane. Kitabu, *sifr*, kinafunua yaliyomo. Na msafiri ametoka kwenye kivuli cha nyumba yake, yuko peupe.

Peupe kweli tulikuwa. Mbele yetu alikaa bwana mmoja ambaye tangu Tanga alikuwa akitusimulia makontena yake bandarini. Njaa ilipoanza kuuma, alifungua mfuko wa biskuti, akaugeukia dirisha, akazimaliza akiwa amelipa basi zima mgongo. Kuna mama alikuwa na ndoo ya vitumbua vya kuuza. Akatandika kanga yake chini ya mkwaju, akamimina vyote.

“Kuleni. Kesho vimelala, nitamuuzia nani?”

Tukala. Bwana wa makontena naye akashuka, akala vizuri tu, akauliza kama chai ipo.

Maalim akanyoosha kidole kwenye kanga. “Hiyo ndiyo *sufra*.” Zamani lilikuwa jina la chakula anachofungiwa msafiri, kisha likahamia kwenye ngozi kinapotandazwa, na leo Mwarabu anaita hivyo hata meza iliyosheheni. Mama wa vitumbua akadakia: “Na sufuria, Maalim? Si ndugu yake?”

“Hapana, mama. Hiyo ni ya herufi sad, si sin. Sufuria imetoka kwenye jina la shaba, na jina hilo kwenye rangi ya manjano. Sifuri nayo ni ya sad, maana yake tupu. Ulimi wetu ndio umezichanganya.”

Mama akasema kwamba sufuria tupu anazijua, hazihitaji Kiarabu. Tukacheka mpaka dereva akaamka.

Kwa sauti ya chini, jicho likiwa kwa yule bwana, Maalim akanisimulia kisa cha Sayyidna Omar, khalifa wa pili. Mtu alikuja kumtolea mwenzake ushahidi kwamba ni mwema. Omar akamuuliza: umewahi kusafiri naye? Hajawahi. Basi humjui. Wenye lugha nao, akasema, wapo wanaodai kwamba safari iliitwa safari kwa kuwa inafunua tabia za watu. Jina la mtu hakulitaja, na mimi sikumuuliza.

Alfajiri mzizi ukaturudia kwa njia nyingine. Maalim, wa madhehebu ya Shafii kama sisi wengi wa pwani, alitaka tuswali giza lingalipo. Kijana mmoja wa Mombasa, wa madhehebu ya Hanafi, akaomba tungoje kupambazuke, na hadithi anayo: *asfiru bil-fajr*. Kitenzi ni kilekile. Mhanafi anakielewa kuwa swalini kumekucha. Shafii anasema hapana, hakikisheni tu kwamba alfajiri imedhihiri. Walivutana kwa heshima kabisa, mmoja akisema “shekhe wangu,” mwingine “mwanangu.” Mwisho tukaswali kwa makundi mawili, tukitumia dumu moja la maji.

Fundi alifika jua likiwa limepanda. Ili jeki inyanyue, ilibidi mizigo ishushwe, na utingo akapanda kwenye keria. Akateremka ngazi na katoni begani, shingo imepinda, jasho linamchuruzika.

“Maalim, hivi vitabu au mawe?”

Mzee akaanza kucheka, akaziba mdomo kwa kofia. Nilipomkazia macho akaninong'oneza kwamba wingi wa *sifr* ni *asfar*, na neno hilo limo kwenye Sura ya 62, aya ya 5. Aya naijua: punda aliyebeba vitabu.

“Usimwambie,” akasema. “Bado katoni moja.”