Homa iliyogoma kuisha: jipu kwenye bandama ya mdogo wangu

Kipimo cha haraka cha malaria kilituchelewesha, ingawa hakikukosea. Mdogo wangu alipopata homa hapa Kigoma kilisoma malaria, akamaliza dozi ya mseto. Homa ikarudi, tukapima tena, mistari miwili ileile. Nyumbani wakasema dozi imegoma. Daktari wa zamu akatueleza kwamba kipimo kile hunasa protini ya vimelea, nayo hubaki kwenye damu wiki kadhaa hata baada ya vimelea kufa. Akaagiza damu iangaliwe kwa darubini. Haikuwa na kitu.

Sasa homa ya nini? Nikanunua daftari. Asubuhi na jioni naandika joto, dawa aliyomeza na panapomuuma. Baada ya kurasa chache jambo likaanza kujirudia: jioni joto linapanda, usiku shuka linaloa jasho, na bega la kushoto linachoma akivuta pumzi ndefu. Bega lenyewe zima kabisa. Ulibonyeze, uuzungushe mkono, hashtuki. Duka la dawa walishatuuzia dawa ya kuchua.

Daktari alipofika kwenye bega akaacha kufungua kurasa.
"Kijana, umewahi kuumia upande huu?"
Dogo akasema hapana. Nikadakia, "Dokta, si alianguka Kibirizi huyu!" Anabeba mizigo kule, wiki kadhaa nyuma aliteleza akipakia boti, mbavu za kushoto zikagonga ukingo. Aliugulia kidogo, akarudi kazini. Kwake yeye hayo yalishapita.

Ultrasaundi ikaonyesha usaha ndani ya bandama, kiungo kilicho chini ya mbavu za kushoto kinachosaidia mwili kupambana na vijidudu. Tulivyoelezwa, kishindo kile kilipasua mishipa midogo, damu ikavilia humo, na bakteria waliokuwa wakipita kwenye damu wakapata pa kuzaliana. Jipu likawa linachokoza diaframu, msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, na neva ya diaframu hutokea shingoni, jirani na zinazohudumia bega. Ndiyo maana maumivu yakajitokeza huko juu. Ni ugonjwa adimu, na mara nyingi huwa na ugonjwa mwenziwe uliojificha, kwa hiyo akapimwa virusi vya ukimwi, sukari, selimundu na valvu za moyo. Vyote salama.

Ndugu wakaanza kutaja hospitali ya Bugando, Mwanza, na upasuaji wa kuitoa bandama. Mimi niliuliza kwanza: akitolewa, maisha yanakuwaje? Jibu likanikaza moyo. Lazima achanjwe dhidi ya nimonia na homa ya uti wa mgongo, na kwa mkoa wenye malaria kama wetu, kila homa atakayopata ni ya kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo. Kwa vile jipu lilikuwa moja na lilifikika, madaktari wakaamua kujaribu kulikausha kwanza.

Bibi mmoja jirani alikuja na maji ya moto na mawese amkande. Nikamwambia, "Bibi, nisamehe, tumbo lake haliguswi, lile jipu linaweza kupasuka." Alinuna. Kesho yake akaleta uji.

Wakapitisha mpira mwembamba kati ya mbavu, wakiufuatisha kwenye ultrasaundi. Usaha ulitoka rangi ya chai ya maziwa. Maabara wakauotesha, akapatikana stafilokokasi, bakteria ambaye watu wengi tunaye tu kwenye ngozi, na antibayotiki ya mshipani ikabadilishwa.

Wauguzi wachache, wodi imejaa, basi kupima usaha kwenye mfuko wa ule mpira nikaomba iwe kazi yangu. Siku moja mfuko ukawa mkavu ghafla. Mgonjwa wa kitanda cha pili akatupongeza. Lakini daftari lilisema joto limepanda tangu usiku, na jipu linalokwisha halileti joto. Nikamfuata nesi kabla ya raundi. Mpira ulikuwa umeziba. Wakausafisha kwa maji ya chumvi ya hospitali, usaha ukaanza kushuka tena, na kufikia jioni alikuwa anadai ugali na migebuka.

Aliendelea na vidonge nyumbani kwa wiki kadhaa. Picha ya mwisho imeonyesha kovu dogo tu. Kubeba mizigo na kucheza mpira bado amekatazwa mpaka daktari aseme. Mizigo ameiacha bila ubishi. Mpira tunagombana kila Jumapili, na viatu vyake nimevifungia kabatini.