Sanduku, Mawe na Majina

Neno la wiki: 1 Samweli 4:13

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mzee Eli ameketi kitini pake kando ya njia. Ana miaka 98, macho yamepofuka, masikio yote yako vitani. Wanawe wawili wako huko, lakini Maandiko yanatuambia moyo wake ulitetemeka kwa ajili ya sanduku la Mungu, lile sanduku la agano lililopelekwa vitani.

Habari hiyo ya Eli ndiyo Edmund Calamy, mchungaji wa Kiingereza, aliyoihubiri mwishoni mwa Desemba 1662, katika kanisa la Mtakatifu Maria Aldermanbury, jijini London. Kisheria hakuruhusiwa kabisa kusimama mimbarani. Alikuwa amelichunga kanisa hilo tangu 1639, lakini mwaka ule wa 1662 sheria mpya iliwaondoa wachungaji waliokataa kukubali kila kitu katika kitabu cha sala cha Kanisa la Uingereza. Calamy akatoka mimbarani, ila kanisani hakutoka. Aliendelea kuja kusali kama muumini yeyote. Siku ile mhubiri hakutokea, watu wakamsihi, akapanda. Haikupita hata wiki mbili akawa gerezani Newgate, mpaka mfalme alipoagiza aachiwe.

Septemba 1666 moto ukaila London siku nne. Makanisa zaidi ya 80 yaliteketea, na la Aldermanbury likiwamo. Calamy, mzee na dhaifu, alipitishwa katika gari la farasi katikati ya magofu. Inasimuliwa kwamba alirudi nyumbani, akaingia chumbani, hakutoka tena. Alifariki Oktoba hiyohiyo, wakamzika ndani ya gofu la kanisa lake, karibu na pale mimbari iliposimama.

Msanifu majengo Christopher Wren akalijenga upya. Usiku wa tarehe 29 Desemba 1940 mabomu ya Wajerumani yakalichoma tena, zikabaki kuta. Safari hii hakuna aliyelijenga palepale. Katikati ya miaka ya 1960 mawe yake, yapata 7,000, yalitiwa namba, yakavushwa bahari hadi mji mdogo wa Fulton, Missouri, nchini Marekani. Kanisa likasimamishwa tena katika Chuo cha Westminster, ambako Winston Churchill, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza wakati wa vita, alitoa mwaka 1946 ile hotuba yake ya “pazia la chuma” lililoigawa Ulaya. Liliwekwa wakfu Mei 1969, liwe ukumbusho wake.

Mimi bado nasitasita mbele ya nyumba ya Mungu iliyogeuzwa ukumbusho wa mwanasiasa, hata awe mkubwa namna gani. Lakini Zaburi 102:14 inawataja watumishi wa Bwana wanaoyapenda mawe ya Sayuni na kuyahurumia hata mavumbi yake, na mawe haya leo yanasikia tena sala na nyimbo. Kwa hilo nashukuru.

Kule London imebaki bustani ndogo, na misingi ya kanisa bado inaonekana kwenye majani. Ndani yake kuna mnara wa mwaka 1896 unaowakumbuka waumini wawili wa parokia ile, John Heminges na Henry Condell, waliozikwa hapo. Walikuwa waigizaji, rafiki zake Shakespeare. Alipokufa, wakakusanya tamthilia zake 36, wakazichapisha mwaka 1623. Karibu nusu yake zilikuwa hazijawahi kuchapwa, na mojawapo ni ile ya Julius Caesar. (Kwa hiyo Mwalimu Nyerere asingekuwa na Juliasi Kaizari wa kututafsiria, kama si watu wawili wa parokia ile.) Katika utangulizi wao waliandika kwamba hawakutafuta faida wala sifa, ila kuifanya kumbukumbu ya rafiki yao iendelee kuishi. Juu ya mnara kimewekwa kichwa cha Shakespeare. Wao wenyewe wana majina tu yaliyochongwa chini yake, na sidhani kama wangenung'unika.

Sasa tutazame kwetu. Ukifika karibu kanisa lolote la mjini utalikuta jiwe la msingi ukutani, na jina linalosomeka tokea mbali ni la mgeni rasmi, aliyekuja siku moja, akakata utepe, akala, akaondoka. Aliyetoa kiwanja chake hayupo pale. Kina mama waliowapikia mafundi uji hawapo. Mwinjilisti aliyeanzisha ibada chini ya mwembe huenda hata watoto wa shule ya Jumapili hawajawahi kumsikia. Siku ya jubilei tunashona vitenge na kuchinja ng'ombe, kisha tunasomewa historia ya ukurasa mmoja iliyojaa tarehe za majengo. Tunalia mabati yakiezuliwa na upepo. Ni nani miongoni mwetu moyo wake hutetemeka kama wa Eli?

Basi wiki hii kila mmoja amtembelee mzee mmoja wa kanisa letu, amwamkie, akae naye, amuulize ni nani waliosali hapa kabla ya jengo. Tukikutana kwenye jumuiya, njooni na majina hayo mmeyaandika. Katibu atayaingiza katika daftari la kanisa, nasi tutawataja mmoja mmoja kwenye sala ya shukrani.