Kukisia Chaguo za Green Bay Packers: Tuwatazame Kwanza Wanaochagua

Kila msimu wa futiboli ya Marekani unapomalizika, wapenzi wa mchezo huo huanza kukisia ni vijana gani wa vyuo vikuu watakaochukuliwa na timu za ligi kuu ya huko, yaani NFL, katika uteuzi wa mwezi wa Aprili. Hapa Unguja tunaoifuatilia ligi hiyo ni wachache, lakini hatupungukiwi na maneno, na naona wengi wetu tunaianza kazi hii kwa upande usio wake. Tunatazama video za wachezaji mpaka usiku wa manane, tunavutiwa na mmoja wao, kisha tunajiaminisha kwamba timu yetu haitamwacha. Mimi ni mshabiki wa Green Bay Packers, na kwa muda niliowafuatilia nimeshikilia msimamo kwamba anayetaka kukisia chaguo za timu moja aisome kwanza timu yenyewe, hasa wale wanaokaa mezani kuchagua, ndipo awageukie wachezaji. Ninazungumzia kukisia kwa hoja, si kuweka pesa. Kamari sina haja nayo.

Kwa ambao hawajaujua utaratibu huu, nitaueleza kama nilivyomweleza ami yangu barazani Kikwajuni, ambaye ameishabikia klabu ya soka ya Malindi tangu ujana wake na amezoea usajili wa kawaida, ambapo klabu yenye uwezo ndiyo inayompata mchezaji. Aliposikia habari hizi aliniuliza, "Yaani mwanangu, timu mbovu ndiyo inayoanza kuchagua?" Ndivyo ilivyo. Timu ni 32 na raundi ni 7. Iliyofanya vibaya kuliko zote msimu uliopita huchagua mwanzo, na bingwa huchagua mwisho katika kila raundi. Mchezaji lazima iwe imepita miaka 3 tangu amalize skuli ya sekondari, na timu itakayomteua ndiyo pekee yenye haki ya kuzungumza naye mkataba. Ami hakuridhika. "Na kijana mwenyewe haulizwi anataka kwenda wapi?" Haulizwi, na swali hilo ni la haki kabisa. Utaratibu huu ulipendekezwa mwaka 1935 na Bert Bell, mmiliki wa Philadelphia Eagles, ili timu tajiri zisiwakusanye wachezaji wote bora, na mwaka uliofuata, 1936, mchezaji wa kwanza kabisa kuteuliwa, Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, hakucheza NFL hata mechi moja.

Nimewachagua Packers kuwa mfano kwa sababu ni timu ambayo tabia yake husomeka. Green Bay ni mji mdogo wa watu laki moja na kidogo, na timu haina tajiri anayeimiliki, kwani ni mali ya wanahisa wa kawaida ambao hawapati gawio lolote. Kwa hiyo hakuna bwana mkubwa anayeweza kuingia chumbani usiku wa uteuzi akaamuru achukuliwe kijana aliyempenda kwenye televisheni. Mwenye uamuzi ni meneja mkuu, na tangu mwaka 2018 cheo hicho anacho Brian Gutekunst, aliyekuwa msaka vipaji wa timu hiyohiyo chini ya Ted Thompson, ambaye naye aliwahi kufanya kazi chini ya Ron Wolf. Mafunzo yamepita mkono kwa mkono, na ndiyo maana mtu anaweza kurudi nyuma miaka ishirini akakuta mwenendo ulio mmoja.

Mwenendo ulio wazi kuliko yote ni wa wapokeaji, wale wachezaji wanaokimbia pembeni kudaka mpira uliorushwa na kwotabeki, kiongozi wa mashambulizi. Mwaka 2002 Packers walimchukua mpokeaji Javon Walker katika raundi ya kwanza, na baada ya hapo, kuanzia uteuzi wa 2003 hadi wa 2024, hawakumchukua mpokeaji hata mmoja katika raundi hiyo. Kila mwaka watu waliandika kwamba safari hii lazima wachukue mpokeaji, na kila mwaka Packers wakachukua mtu mwingine. Mwaka 2022, baada ya kumwachia mpokeaji wao Davante Adams aende Las Vegas Raiders, walikuwa na nafasi mbili za raundi ya kwanza, ya 22 na ya 28, na ushabiki wote ulisema kwamba angalau moja itakuwa ya mpokeaji. Walichukua walinzi wawili wa Chuo Kikuu cha Georgia, Quay Walker na Devonte Wyatt.

Hata hivyo ni kosa kudhani kwamba Packers hawathamini wapokeaji. Greg Jennings mwaka 2006, Jordy Nelson mwaka 2008, Randall Cobb mwaka 2011, Adams mwenyewe mwaka 2014, Christian Watson mwaka 2022 na Jayden Reed mwaka 2023, wote hao waliteuliwa katika raundi ya pili. Ukiyaweka majina hayo mstari mmoja unaona kwamba timu ilikuwa na bei yake kwa nafasi hiyo uwanjani na haikuwa tayari kulipa zaidi. Kwangu mimi orodha hiyo ina faida kubwa kuliko video za saa nyingi, kwa sababu video inakuonesha mchezaji anaweza nini, ila haikuelezi hawa wanaochagua wanampa thamani gani.

Katika raundi ya kwanza, Gutekunst ameteua wachezaji 10 kuanzia 2018 hadi 2025, na 7 kati yao ni wa upande wa ulinzi. Karibu wote wametoka vyuo vyenye timu kubwa, kama vile Michigan, Georgia, Iowa na Texas. Aliyetoka nje ya mkondo huo ni Jordan Love wa Utah State, ambaye Packers walibadilishana nafasi na timu nyingine wakapanda hadi ya 26 kumfuata mwaka 2020, wakati kwotabeki wao Aaron Rodgers bado alikuwa katika kiwango cha juu. Ushabiki ulikasirika sana. Lakini aliyekuwa akiisoma timu alikumbuka kwamba Rodgers mwenyewe aliteuliwa nafasi ya 24 mwaka 2005, Brett Favre akiwa bado anacheza, akakaa benchi miaka mitatu kabla ya kukabidhiwa timu. Watu hawa hawangoji kwotabeki azeeke ndipo wamtafute mrithi, na mimi nauona huo kuwa uendeshaji bora wa timu hata pale unapomkera mshabiki.

Uteuzi wa mwaka 2025 ulifanyika Green Bay penyewe, kando ya uwanja wa Lambeau Field, na kwetu ulianza saa tisa za usiku wa kuamkia Ijumaa. Zamu ya 23 ilipowadia, Mark Murphy, aliyekuwa rais wa timu wakati huo, alipanda jukwaani mbele ya umati wa watu wake akamtaja Matthew Golden wa Texas, mpokeaji. Baada ya miaka yote ile, mkondo ulikatika mbele ya wenyeji wenyewe! Nilifurahi kupita kiasi, na bado nasema chaguo lile halikuivunja hoja yangu, kwa sababu Golden alikuwa amekimbia yadi 40 kwa sekunde 4.29 katika vipimo vya kule Indianapolis, na mbio za namna hiyo ndizo ambazo Gutekunst amekuwa akizifuata kwa wachezaji wa kila aina.

Kuhusu vipimo hivyo, nitakaa kidogo, maana vinatumiwa vibaya. Kila mwaka, kabla ya uteuzi, wachezaji zaidi ya 300 hualikwa Indianapolis kupimwa urefu, uzito, kuruka, kunyanyua chuma cha kilo 102 na kukimbia yadi 40, ambazo ni mita 36 na nusu hivi. Mwaka jana vijana wa mtaani walitaka kujipima, tukaipima njia kwa tepu ya fundi katika viwanja vya Maisara, wawili wakasimama mwisho wa mstari na simu zao. Kwa mbio moja ya kijana mmoja, simu ya kwanza ilisema sekunde 4.9 na ya pili 5.2. Mwenye simu ya kwanza alisubiri kuuona mguu wa kwanza ukitua ndipo abonyeze, na mwenzake alibonyeza bega lilipotikisika tu. Tofauti ya namna hiyo, kwa hawa wanaoteuliwa, ndiyo inayomtenganisha mtu wa raundi ya kwanza na asiyeteuliwa kabisa. Kwa hiyo nikiona muda uliopimwa kwa mkono katika viwanja vya chuo cha mchezaji mwenyewe, siuweki sawa na ule wa Indianapolis unaosaidiwa na mitambo.

Vilevile muda wenyewe hauna maana mpaka uuweke pamoja na mwili. Rashan Gary, aliyeteuliwa na Packers nafasi ya 12 mwaka 2019, alikimbia kwa sekunde 4.58 akiwa na kilo zipatazo 126, na huyo ni wa ajabu zaidi kuliko mlinzi mwepesi aliyekimbia 4.45. Watson alikimbia 4.36 akiwa na urefu wa mita 1.93. Hapo ndipo unapoiona hamu ya Gutekunst: anapenda mwili mkubwa unaokwenda kasi kuliko ukubwa wake unavyoruhusu. Kasi peke yake haimtoshi, na ana haki, kwa kuwa John Ross aliyekimbia 4.22 mwaka 2017, rekodi ya wakati huo, alichukuliwa na Cincinnati Bengals nafasi ya 9 na hakufanikiwa kama walivyotarajia.

Watanzania tunalo la kwetu la kutufunza. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, aliteuliwa wa pili katika uteuzi wa mpira wa kikapu wa NBA na Memphis Grizzlies, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry aliyekuwa wa saba. Nalitaja jina lake kwa heshima, maana alifika pale ambapo hakuna Mtanzania aliyekuwa amefika. Lakini katika suala la kukisia, ni mfano wa timu kuuangalia urefu wa zaidi ya mita 2.2 na kuona ndani yake yale iliyokuwa ikiyahitaji.

Yapo mambo ambayo hayakisiki. La kwanza ni timu kubadilishana nafasi. Mwaka 2017 Kansas City Chiefs walitoka nafasi ya 27 wakapanda hadi ya 10 kwa kuwapa Buffalo Bills nafasi nyingine, pamoja na ile ya raundi ya kwanza ya mwaka uliofuata, wakamchukua kwotabeki Patrick Mahomes. Aliyekuwa ameipangia Buffalo mtu wa nafasi ya 10, kazi yake yote iliishia hapo. La pili ni siri za madaktari na mahojiano, ambazo hazitufikii. Mwaka 2025 wengi walimweka kwotabeki Shedeur Sanders raundi ya kwanza, naye akangoja mpaka raundi ya tano, nafasi ya 144, ndipo Cleveland Browns wakamchukua, nao walikuwa wameshateua kwotabeki mwingine raundi ya tatu. Mimi naona ni afadhali kukisia aina ya mchezaji kuliko jina: anacheza nafasi gani, ana mwili gani, ametoka chuo cha namna gani. Anayepatia hayo matatu amekisia vizuri hata kama jina limempita.

Kwa uteuzi wa 2026, utakaofanyika Pittsburgh kuanzia Aprili 23, Packers hawana nafasi yao ya raundi ya kwanza. Mwezi wa Agosti 2025 waliwapa Dallas Cowboys nafasi hiyo pamoja na ya 2027, na mlinzi Kenny Clark juu yake, ili wampate mlinzi mwingine, Micah Parsons. Naliunga mkono jambo hilo bila kusita, kwa sababu mchezaji ambaye ubora wake umeshaonekana ni bora kuliko wawili wa kubahatisha. Kwetu sisi wakisiaji maana yake ni kwamba kazi inaanza raundi ya pili, saa nane za usiku wa kuamkia Jumamosi.

Chaguo lao la kwanza nimeliweka kwa mlinzi wa pembeni, yule anayewakaba wapokeaji, kwani Jaire Alexander aliachwa mwezi wa Juni 2025 na Eric Stokes alikuwa ameshaondoka mwaka huohuo. Raundi ya tatu nimeweka mtu mzito wa katikati ya safu ya mbele ya ulinzi, mahali alipokuwa Clark. Wote wawili nimewaandika wa vyuo vyenye timu kubwa. Mpokeaji simtarajii mapema, ingawa raundi ya pili ndiyo raundi yao, kwa kuwa mwaka 2025 walimchukua Golden na kisha Savion Williams katika raundi ya tatu. Kitakachonibadilisha mawazo ni mchezaji wa safu ya mbele ya ushambuliaji mwenye mwili wa aina ya Gary akishuka mpaka kwenye zamu yao, maana huyo sidhani kama Gutekunst atamwacha apite. Majina nitayaongeza nikishavilinganisha vipimo vya Indianapolis na uzito wa kila mmoja.