Uuguzi au ukunga?

Leo nimemsindikiza mdogo wangu ISTM, chuo cha ufundi wa tiba hapa Bukavu. Diploma ya Serikali anayo, kilichobaki ni kuchagua.

Baba anasukuma uuguzi, na bado anahesabu kizamani: graduat miaka 3, kisha lisansi 2. LMD, mfumo wa sasa wa lisansi, masta na doktora, haimwingii kabisa!

Mimi nikauliza karo. Mdogo wangu? Macho yote kwenye saa.

Mwanafunzi mmoja wa staji alikuwa ameibana kifuani, inaning'inia kichwa chini. "Mkononi hapana, yaya, tunanawa hadi viwiko."

Akamshika mdogo wangu mkono, akahesabu mapigo palepale uani. Mtoto akacheka. Kisha akanyamaza, akaomba na yeye ampime.

Wauguzi na wakunga wa Bukavu na Goma, mwambieni hapa chini: ninyi mlichaguaje?